Sinema ya kwenye magari Tanga mwezi wa Julai: skrini, sauti na betri

Msafiri wa Segera:

Wakuu, salaam. Familia kadhaa kutoka Dar tunakuja Tanga mwanzoni mwa Julai, na usiku mmoja tunataka watoto waangalie sinema wakiwa ndani ya magari, kama Wamarekani wanavyofanya majira yao ya joto. Tumepewa kiwanja cha mpira, tambarare, kilomita moja na ushee kutoka baharini. Magari ni kati ya 15 na 18: mengi IST na Vitz, Noah tatu na Prado mbili. Vifaa tulivyonavyo ni projekta ya lumeni 4,000, jenereta ya 2 kVA na kompyuta. Skrini hatuna, na sauti hatujui tutaifikishaje kwenye kila gari. Naomba vipimo kamili: skrini iwe kubwa kiasi gani, magari yakae wapi, sauti ipite njia gani, na betri za magari zitahimili? Wengine kwenye kundi wanasema tuachane na Tanga tufanyie Bagamoyo. Mnashaurije?

Fundi Mawimbi:

Karibuni sana Tanga, mkuu. Anzeni na sauti. Picha watu huihangaikia wiki nzima, na usiku ukifika inatoka vizuri. Kinachowakwamisha wengi ni sauti.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kurusha sauti kwa FM ili kila gari liipate kwenye redio yake. Njia ni nzuri, lakini magari yetu mengi yametoka Japani, na redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90 MHz. Mpya kidogo hufika 95. Huku kwetu vituo viko kati ya 87.5 na 108. Ukichagua 101 kwa sababu pako wazi, IST zote zitakaa kimya. Dirisha linaloyakutanisha magari yote ni dogo: kati ya 87.5 na 90. Tena kuna mtego ndani yake. Gari lililofungwa kile kidude cha kupanua bendi nyuma ya redio huwa limehamisha masafa yote, kwa hiyo 88 inayosikika vizuri kwa jirani inaweza isipatikane kwake kabisa. Kila gari lijaribiwe mapema, mchana, kabla halijapangwa kwenye mstari.

Kisheria, kurusha masafa kunahitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari vimetengenezwa kufika mita chache tu, havitoshi safu mbili za magari. Kununua mtambo wenye nguvu na kuuwasha bila kibali msithubutu. Mkiingilia kituo cha watu, au mawasiliano ya watu wengine kabisa, hamtakuwa na la kujitetea.

Kwa magari 18 na muda mlio nao, mimi ningetumia spika. Mbili kubwa kando ya skrini, juu ya stendi za mita 2, zielekezwe katikati ya safu ya kwanza. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili, kwa hiyo safu ya pili itasikia kidogo. Msiongeze za mbele mpaka zipige kelele. Wekeni spika mbili ndogo pembeni mwa safu ya pili, na kwenye mixa mzicheleweshe milisekunde 30 hivi, maana sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde na safu zitaachana mita 11. Msipozichelewesha, kila neno litasikika mara mbili.

Kwa sababu hiyohiyo, spika za nje na redio za magari msizitumie pamoja. Ya redio inafika papo hapo, ya spika inafika imechelewa, na mazungumzo yote yanavurugika. Chagueni moja.

Jambo la mwisho kwenye sauti: msiunganishe spika kwa bluetooth. Huchelewesha sauti kiasi cha mdomo kufunga kabla neno halijasikika. Pitisheni waya kutoka kwenye kompyuta hadi mixa, na ile njia ndefu ya kutoka mixa hadi spika iwe waya wa XLR, ule mnene wa maikrofoni. Waya mwembamba wa simu ukivutwa mita 20 kando ya waya wa jenereta unaokota mvumo usiokwisha.

Mkazi wa Chumbageni:

Nakubaliana na Fundi. Mimi niongelee skrini na mpangilio wa magari, maana hivi viwili havitengani.

Lumeni 4,000 kama ni ANSI kweli, yaani zimepimwa kwa kiwango rasmi (zipo projekta za bei rahisi zinazoandikwa 9,000 na hazifiki hata 500), pigeni picha ya upana wa mita 6 na kimo cha mita 3.4. Eneo ni kama mita za mraba 20, kwa hiyo kila mita inapata lumeni 200. Kwenye kitambaa cheupe kisichong'aa huo ni mwanga unaouzidi kidogo ule wa jumba la sinema. Ukiivuta hadi mita 8, eneo linakuwa 36 na mwanga unashuka karibu nusu. Baki na 6.

Mbalamwezi usiihofu. Mwezi mpevu hautoi hata nusu ya luksi moja (luksi ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba), na picha yako ina luksi 200. Adui ni taa ya barabarani na taa za magari. Taa moja ya mtaani iliyo karibu inamwaga luksi kadhaa juu ya skrini, na weusi wote kwenye picha unakuwa kijivu. Nenda kiwanjani saa 2 usiku wiki moja kabla, simama pale skrini itakapokuwa, uangalie kivuli chako. Kama unakiona wazi, geuza upande.

Sasa kimo, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akikaa ndani ya IST jicho lake liko kama mita 1.15 kutoka chini, na paa la IST iliyo mbele yake liko mita 1.5. Safu ya kwanza ikikaa mita 14 kutoka skrini na ya pili mita 25, mstari wa jicho la nyuma ukipita juu ya paa la mbele unagonga skrini mita 2 kutoka ardhini. Kwa hiyo ukingo wa chini wa picha uwe mita 2, usipungue. Mbele ikikaa Noah yenye paa la mita 1.85, mstari huo unapanda hadi mita 2.7, na mtu wa nyuma amepoteza karibu robo ya chini ya picha, pamoja na maandishi yote ya tafsiri. Ndiyo maana Noah na Prado lazima zikae safu ya pili, ziende kwenye ncha, na IST na Vitz zikae mbele. Jambo hili lisemwe langoni kabla watu hawajashusha mikeka.

Msisogeze safu ya kwanza karibu zaidi ya mita 14. Ukingo wa juu wa picha uko mita 5.4, na mkisogea, paa la gari linakata picha na watu wanainamia usukani usiku kucha.

Kila gari lipewe upana wa mita 2.8 ili milango ifunguke. Pembeni msizidi nyuzi 35 kutoka katikati, picha inabanana. Kwa hesabu hiyo safu ya kwanza inachukua magari 7 na ya pili 12, ila acheni nafasi ya gari moja katikati ya safu ya mbele, watakaa 6. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, yaani mita 9, kwa hiyo meza ya projekta itakuwa mbele ya ile nafasi wazi. Lenzi iwe kimo cha mita 1.5 hivi. Ukiiweka chini ukaiinamisha juu, picha inapanuka upande wa juu, halafu ukiinyoosha kwa menyu unapoteza mwanga na ukali. Jumla ni magari 18. Wenye Noah wanaopenda kugeuza gari na kufungua buti nyuma wanaruhusiwa, mradi mlango wa buti ufungwe kamba usipande kupita paa.

Matuta ya kuinua pua ya gari yanasaidia sana kama kuna udongo wa kuchezea. Richard Hollingshead, aliyefungua sinema ya kwanza ya namna hii karibu na Camden, New Jersey, tarehe 6 Juni 1933, hataza yake kubwa ilikuwa ni hayo matuta ya kuinua magurudumu ya mbele. Tuta la sentimita 25 linainua pua ya IST kama nyuzi 6. Kwenye kiwanja cha mpira cha watu, lakini, msichimbe.

Kuhusu kitambaa: shuka jeupe linapitisha mwanga nyuma, nusu ya picha mnawaonyesha walio upande wa pili. Kitambaa cha marekani cha kawaida nacho hivyohivyo. Nendeni kwa wachapa mabango, nunueni ile turubai yao isiyochapwa, mtumie upande usiong'aa. Upande unaong'aa unatoa doa la mwanga katikati. Ipigwe macho ya chuma kila nusu mita kuzunguka kingo zote, na ifungwe kwa mpira wa kuvutika badala ya kamba kavu, ili ikivutwa na upepo irudi bila kuchanika.

Nahodha Kusi:

Mkazi amesema vizuri, ila upepo kaugusa mwishoni tu, na Julai ni msimu wa Kusi, upepo mkali utokao kusini. Hapa ndipo mtakapoumia kama hamkujiandaa.

Skrini ya mita za mraba 20 ni tanga. Upepo wa mita 8 kwa sekunde unaisukuma kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 90 na zaidi. Ukifika mita 12 kwa sekunde mzigo unazidi kilo 200, kwa sababu kasi ikiongezeka mara moja na nusu, nguvu inazidi mara mbili. Kusi hupungua jua likizama, lakini kuna siku hapungui. Simamisheni skrini ubavu wake ukielekea kusini, yaani watazamaji waangalie mashariki au magharibi, upepo upite kando ya kitambaa badala ya kukipiga usoni. Jua lisiwababaishe katika kuchagua upande: kwa saa mtakayoanza, giza limeshaingia pande zote.

Fremu ya mabomba ya skafoldi inatosha, lakini kila kona ya juu ivutwe kwa kamba mbele na nyuma kwa pembe ya nyuzi 45, kwenye pipa la lita 200 lililojaa maji pamoja na kigingi cha nondo ya milimita 16 kilichozama ardhini karibu mita nzima. Pipa peke yake litaburuzwa. Kamba zifungwe vitambaa vyeupe, watoto wasijikwae gizani. Mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kushusha kitambaa upepo ukizidi, na akisema basi, sinema inasimama.

Lakini mimi ningetafuta ukuta. Tanga ina maghala ya zamani ya mkonge yenye kuta ndefu zisizo na madirisha, na ukuta hauyumbi. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe, safisheni, pigeni mikono miwili ya rangi ya maji nyeupe isiyong'aa. Kwa mita za mraba 20, galoni moja ya lita 4 inatosha kama ukuta umeshapigwa lipu laini. Ukuta wa matofali matupu unakunywa zaidi, mpake chokaa kwanza. Uwanja ulio mbele ya ghala mara nyingi una kokoto, hivyo hata mvua ya ghafla haiwageuzi kuwa wakulima wa mpunga. Na Tanga haikauki kabisa, manyunyu ya Julai yapo.

Msafiri wa Segera:

Ahsanteni mno. Wazo la ghala limetushika, tutaulizia. Bado betri na jenereta. Na je, ruhusa ni za nani? Sisi hatutozi kiingilio.

Bibi Mratibu:

Nianze na ruhusa, mwanangu, maana hizi haziwezi kungoja siku ya mwisho.

Kutotoza kiingilio hakuwatoi kwenye sheria. Sinema mliyolipia kwa mwezi kwenye intaneti mmeruhusiwa kuiangalia nyumbani, hamkuruhusiwa kuionyesha uwanjani. Tafuteni ridhaa ya mwenye filamu. Kwa filamu ya Kitanzania si kazi ngumu, mtayarishaji anapatikana, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, itawaelekeza. Maonyesho ya hadhara yako pia chini ya Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, nao ndio wanaopanga madaraja ya umri. Kisha ofisi ya serikali ya mtaa na polisi wa eneo, kwa barua, wajue idadi ya magari na saa ya kumaliza.

Saa ya kuanza msiipange kwa giza peke yake. Julai hapa jua linazama kama saa 12:25 jioni, na giza la kutosha linapatikana kwenye saa 1:10. Lakini adhana ya Isha inafuata kwenye saa 1:40 hivi, na misikiti iko kila mtaa. Anzeni saa 2 kamili. Filamu ya dakika 110 itaisha kabla ya saa 4 na hakuna atakayelalamika. Geti lifunguliwe saa 11:30 ili magari yapangwe kukiwa na mwanga.

Chakula ni jambo la heri, ila jiko la mishikaki na sufuria za urojo zikae upande wa kaskazini, Kusi achukue moshi aende nao. Moshi ukipita mbele ya lenzi unauona mwale wote na picha inafifia. Na vyoo muulize mapema, wanawake na watoto ndio wanaoteseka watu wakisahau hilo.

Fundi Mawimbi:

Betri: IST na Vitz nyingi zina betri ya Ah (ampea-saa) 35 hadi 45. Redio kwa sauti ya wastani inakula ampea 2 au 3, kwa saa mbili na nusu ni kama Ah 7. Betri nzima haitetereki. Inayoua ni feni ya kiyoyozi, maana ampea 10 kwa muda huohuo ni Ah 25, na asubuhi gari haliwaki. Mkitumia spika za nje kama nilivyosema, gari lizimwe kabisa na swali la betri linakwisha. Injini zisingurume: kelele, joto, na ule moshi usio na harufu unaoingia ndani ya gari lililosimama madirisha wazi ni sumu. Wawepo watu wawili wenye nyaya za kubusti.

Taa nazo. Magari yenye taa zinazojiwasha gizani, mwenyewe ageuze swichi hadi alama ya kuzima kabla ya kufungua mlango. Kwa mengine taa za mchana zinazimika hendibreki ikivutwa. Zisizozimika zifunikwe kanga nzito. Taa za ndani za mlango zizimwe pia, mtoto mmoja akienda chooni anawaangazia wote.

Jenereta: projekta inakula wati 300 hadi 400, spika na mixa hazifiki 300 kwa sauti ya kawaida. 2 kVA inatosha kwa nafasi, mradi ni ile ya inveta. Zile za kawaida umeme wake unapanda na kushuka, na projekta inazima katikati. Jazeni tangi kabla, na msimimine petroli ikiwa inanguruma. Ikae mita 30 kaskazini, nyuma ya ukuta au rundo la mchanga, kwa waya wa 2.5 mm². Waya wa kwenye roli ufunguliwe wote, ukibaki umeviringwa unapata moto. Na filamu ikiisha msikate umeme: projekta ya taa izimwe kwa rimoti, feni yake ipoze taa dakika mbili tatu, ndipo mzime jenereta.

Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Projekta iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi ikifunguliwa nje inapata ukungu kwenye lenzi papo hapo, na ukiufuta unarudi. Itoeni dakika 45 kabla ya kuiwasha. Wadudu watafuata mwale, kwa hiyo wekeni taa moja nyeupe ya chambo mita 25 upande wa nyuma, mbali na projekta, na kichujio cha hewa cha projekta kisafishwe siku ileile.

Faili lijaribiwe mpaka mwisho. Projekta nyingi zikisoma flashi zinaonyesha picha bila sauti kwa sababu ya aina ya sauti iliyomo. Chezesheni kutoka kwenye kompyuta, mkiwa mmezima masasisho na usingizi wake.

Dereva wa Muheza:

La Tanga au Bagamoyo linajibiwa na barabara. Bagamoyo ni kama kilomita 65 hadi 70 kutoka Dar, mnaangalia sinema na kurudi usiku uleule. Tanga kwa Chalinze na Segera ni kama kilomita 350, saa sita na kuendelea, kwa sababu kila kijiji ni 50 kwa saa na malori ni mengi. Kama mnakuja Tanga, lazima mlale. Msifunge safari ya kurudi Dar baada ya filamu: kati ya Muheza na Segera usiku kuna baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoharibika yaliyowekewa matawi tu barabarani.

Kwa wanaotaka usiku mmoja, Bagamoyo inafaa zaidi, na Kusi ni yuleyule. Kwa safari ya siku tatu, Tanga. Mapango ya Amboni yako jirani, na Pangani ni kama kilomita 50 kwa siku ya pili. Kwa wenye wazee ndani ya gari, waulizeni habari za ile sinema ya Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa 1966. Kiwanja chake leo kina ubalozi wa Marekani. Mazungumzo hayo yanawafikisha Chalinze bila mtu kusinzia.

Kutoka uwanjani nako kuna utaratibu. Safu ya pili iondoke kwanza, kwa kurudi nyuma, gari moja moja kuanzia ncha, mtu mwenye tochi akielekeza. Taa kubwa ziwashwe baada ya kugeuka. Safu ya kwanza isubiri wa mwisho atoke, na asiwepo mtoto nje ya gari mpaka lango liwe tupu. Mapipa ya maji yamwagwe kesho yake asubuhi, usiku ule kiwanja kibaki kikavu.